Rasimu ya uduvi wa ziwani

Kijana niliyemfundisha baiolojia zamani ameniletea rasimu ya makala ya kamusi elezo kuhusu uduvi wa Ziwa Victoria, Caridina nilotica. Anataka niisome kabla hajaipandisha mtandaoni. Nimefurahi mno. Sisi wa Musoma tumekua tukimwona mnyama huyu kwenye dagaa, na kwa Kiswahili ameandikwa kidogo sana.

Uainishaji ameuweka sawa: familia ya Atyidae, na aliyempa jina ni mtaalamu Roux, mwaka 1833. Nimemwomba tu ayarudishe mabano aliyoyaondoa kwenye jina la Roux na mwaka wake. Mabano hayo yana kazi. Yanaonyesha kwamba Roux alimweka mnyama huyu katika jenasi nyingine, yaani kundi jingine la aina zinazokaribiana, kisha wataalamu wakamhamisha.

Picha aondoe. Ni ya kamba wa baharini, mnene, mwekundu. Uduvi wetu mzima ana urefu wa sentimita mbili hivi, na akiwa hai mwili wake ni angavu, unaona mpaka ndani. Pia ameandika kwamba anawinda kwa magando yake. Hapana, mdogo wangu. Magando yale ni madogo na nchani yana vishungi vya nywele kama brashi. Anafagia mwani na mabaki yaliyooza, kisha anapeleka mdomoni. Jike hubeba mayai chini ya tumbo mpaka yaanguliwe, na hilo rasimu haina kabisa.

Sentensi iliyonisumbua zaidi ni hii: "Uduvi ana umuhimu mkubwa katika ikolojia ya ziwa." Kisha nukta, akahamia mambo mengine. Umuhimu gani? Hapo ndipo penye makala yenyewe! Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Alipoongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hili, wakaporomoka. Aina nyingi hazijaonekana tena. Furu walipopungua, uduvi wakajaa, na sangara wadogo wakawageukia wao. Sangara mkubwa hula samaki, hata watoto wa sangara wenzake, lakini anapokuwa mdogo uduvi ni chakula chake kikuu. Kwa hiyo minofu iliyosafirishwa Ulaya kutoka viwanda vya Mwanza ilianzia kwa kiumbe huyu mfupi kuliko kidole. Nimemwandikia aipe habari hii sehemu yake, tena ndefu, akitaja miaka.

Aya ya mwisho, inayofundisha kumfuga katika matangi ya vioo, aifute yote. Imetolewa kwenye maelezo ya uduvi wa mapambo wa Asia, jenasi Neocaridina. Badala yake aeleze wavuvi wa dagaa: wanavua gizani mwezi usipokuwepo, wanawasha taa, na uduvi wanaingia wavuni pamoja na dagaa. Kwetu mchanganyiko ule huuzwa bei ya chini, mara nyingi kwa chakula cha kuku.

Hilo nimeliona mwenyewe mwaloni, samaki wanaposhushwa, ila kamusi elezo haipokei "mwalimu aliniambia". Nimemwelekeza atafute ripoti za watafiti wa uvuvi na aweke tanbihi kwenye kila sentensi ya namna hiyo. Picha tutapiga wenyewe: uduvi hai ndani ya sahani nyeupe yenye maji, rula pembeni.