Huyu Dukal ni nani?

Jumanne jioni, rasharasha imeanza, bango nililoliandika kwa rangi ukutani halijakauka sawasawa. Bibi mmoja akasimama chini yake na kikapu chake cha ndizi, akalisoma polepole, kisha akanigeukia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hivi huyu Dukal ni nani? Ni mgeni hapa?"

Jumamosi mahari ya Aika ilimalizwa salama, kazi zangu za muhula zimepita, hata mlima Kilimanjaro ulijitokeza asubuhi tatu mfululizo. Mimi nasikia sauti moja tu. Niko kwenye daladala ya Mbuyuni: Dukal. Naosha vyombo: ni mgeni hapa?

Na bibi hakukosea. Nimeandika DUKA LA DAWA, hakuna herufi iliyopotea, ila ukutani panasomeka DUKAL A DAWA. Nilirudi Jumatano na tepu. Herufi zina kimo cha sentimita 30 na upana wa 18, unene wa mstari 4. Kati ya herufi na herufi niliacha 3, kati ya neno na neno 6, kila mahali, kwa rula, na nikajiona fundi. Sasa pima huko juu, usawa wa vichwa vya herufi. Kutoka nguzo ya L hadi kilele cha A inayoifuata ni kama sentimita 24, kwa sababu L haina kitu juu ya mkono wake na A inarudi nyuma. Kutoka kilele cha A ya DUKA hadi nguzo ya L ni 13 tu. Jicho halisomi rula, linasoma uwazi. L ikamfuata jirani wa karibu.

Dawa yake (samahani) ni kuacha kupima umbali, badala yake upime ujazo. Chukulia kila pengo ni debe, unalimiminia ulezi: mapengo yote ndani ya neno yapokee kiasi kilekile. U na K zimesimama wima zikitazamana, basi ziachiwe nafasi kubwa kuliko zote, 5 au 6. D ina mgongo wa duara, isogee kidogo kwa U. K na A zote zina miguu iliyotanuka, karibu zigusane. A na W zina mteremko mmoja, kwa hiyo kichwa cha W kinaweza kukaa juu ya mguu wa A bila kugombana. Na tumbo la U lishuke kama nusu sentimita chini ya mstari wa chaki. Ukilikalisha juu ya mstari kabisa, U inaonekana fupi kuliko wenzake.

Kazi ianzie kwenye jozi mbaya kuliko zote, na hapa ni LA. Jozi hiyo huwezi kuibana bila mwisho, mkono wa L utagonga mguu wa A. Unakata mkono kutoka 14 hadi 10, unaacha pengo la 1, halafu zile nyingine zote unazilegeza zilingane nayo. Nafasi ya maneno inapanda hadi 14 hivi. Mimi nilianza na D kwa kuwa ndiyo ya kwanza, ndiyo maana.

Wala usianze na rangi. Kata herufi kwenye karatasi ya manila, zibandike ukutani kwa solotepu, rudi nyuma hatua ishirini, finya macho. Funika zote ziache tatu: ile ya kati ikionekana kuegemea upande, isogeze. Kisha piga picha uigeuze juu chini, maana neno likishasomeka ubongo huacha kuangalia. Kurekebisha rangi ya mafuta ni msasa, nyeupe mikono miwili, kusubiri kila mkono ukauke, na thina ya kununua upya. Mwenye duka ameniuliza mara moja tu nani analipa. Nimemjibu.

Halafu jana nikacheka peke yangu. Mwaka mzima darasani tumechorishwa kigoda kwa namna hiyohiyo! Huchori miguu, unachora hewa iliyo katikati ya miguu, kwa penseli laini ya 4B, kwa sababu ukichora miguu unachora unachokijua: kwamba yote minne ina urefu sawa. Nilipata alama nzuri za kigoda. Kumbe nilidhani somo ni la vigoda.

Sasa naona mapengo kila mahali, na ni raha. Nimetandika khanga za mama kitandani: naruka pindo, naruka mji, naenda moja kwa moja kwenye jina kutafuta LA. Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mawingu, nilichora anga badala ya mlima, lile bonde la mwanga kati ya vilele vyake viwili, Kibo kushoto na Mawenzi kulia. Mlima ukatokea wenyewe. Mara ya kwanza Mawenzi hajatoka kama jino la mtoto.

Kesho narudi na manila. Naomba bibi apite tena, nimwamkie, asome.

Ila ng'ombe wa mama hajagusa majani tangu jana jioni, hata migomba niliyomkatia ameinusa tu akageuza kichwa, na daktari wa mifugo hapokei simu.