Tundu Dogo Chini ya Pampu

Jumapili, jioni

Nimekaa nikiwaza jinsi pampu mbili za gari la zamani zinavyofanana. Ya mafuta, yaani petroli, ile inayopigwa na kamshafti (shafti yenye nundu ndani ya injini), na ya maji, inayozungushwa na mkanda wa feni: nyingi zina tundu dogo kwenye bodi. Liliachwa makusudi, ili dayaframu, utando unaosukuma petroli, au sili, kizibo cha maji kwenye shafti, ikichoka, kinachovuja kionekane nje. Ndiyo maana huniuma kuona tundu hilo limezibwa kwa gundi. Ni kumziba mgonjwa mdomo kabla hajasema anaumwa wapi.

Pampu ya mafuta husingiziwa mno. Gari likikosa nguvu mlimani, yenyewe ndiyo ya kwanza kulaumiwa. Anza na mpira unaotoka kwenye tangi. Pampu hii huvuta, kwa hiyo mpira wenye ufa mwembamba unaweza usidondoshe hata tone. Badala yake unaingiza hewa, na pampu nzima inaonekana mbovu. Badilisha mpira na filta, ndipo upime. Injini ikiwa baridi na hakuna moto karibu, ondoa waya wa koili ili plagi zisichome, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), uelekeze kwenye chupa, mwenzako apige stata. Mafuta yaruke kwa mipigo mizito, yakaribie nusu lita ndani ya sekunde 30 hivi. Yakitoka kama mkojo wa paka, au yakichanganyika na mapovu, bado kuna kazi.

Halafu chomoa dipstiki, uinuse. Dayaframu iliyochanika huweza kumwaga petroli ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, nyepesi, na inanuka petroli, usiwashe tena injini hiyo: beringi zake hazitadumu. Pampu, oili na filta ya oili vibadilishwe kwa pamoja.

Wakati wa kufunga, zungusha injini taratibu mpaka nundu ya kamshafti iuachie mkono wa pampu. Boliti zitaingia kwa vidole. Ukiivuta pampu kwa spana ndipo ikae, utavunja sikio la bodi. Na kile kipande kinene kilicho kati ya pampu na bloku kisitupwe. Kinazuia joto, tena ndicho kinachopima mkono uingie kiasi gani. Kikikosekana, mkono unasukumwa kupita kiasi. Gasketi zikizidi unene, mpigo unakuwa mfupi na mafuta yanakuwa haba.

Ya maji husema waziwazi zaidi. Tundu lake liko chini ya shafti; michirizi ya kutu au ya rangi ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) hapo inatosha kuihukumu. Zima injini, shika feni juu na chini, itikise. Ikicheza, beringi imekwisha, na mara nyingi aliyeiua ni mtu aliyekaza mkanda kama waya wa gitaa. Ukiubonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu, ushuke milimita 10 hadi 13. Gari likichemsha bila uvujaji wowote, tazama kwanza themostati, vali inayopitisha maji yakipata moto, na rejeta. Lakini lililotumia maji matupu kwa miaka, mapanga ya ndani ya pampu huweza kuwa yameliwa na kutu huku nje ikionekana nzima.

Boliti zake hazilingani urefu. Chora umbo la pampu kwenye kadibodi, toboa, uchomeke kila boliti mahali pake. Ndefu ikiingia shimo la fupi, itapasua. Zinazofika kwenye maji zipakwe silanti, gundi ya kuzuia uvujaji, kwenye nyuzi. Kukwangua gasketi ya zamani ndiko kunakokula muda, na hakuna njia ya mkato: kwenye alumini mkwaruzo mmoja wa bisibisi unatosha kuvujisha pampu mpya. Kaza kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo. Boliti za milimita 6 zinatosheka na Nm 10 hivi (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza).

Jaza kulanti na maji safi yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu, hita ikiwa wazi, kifuniko cha rejeta kikiwa nje tangu injini ikiwa baridi, kisha washa injini iungurume mpaka mpira wa juu upate moto na mapovu yaishe. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, ongeza palipopungua, kisha pitisha kidole chini ya lile tundu. Sili mpya huweza kutoa tone moja au mawili ikiwa bado inajikalia. Likirudi tena siku ya tatu, irudishe pampu ilikonunuliwa.