Sonona: usisubiri hamu irudi ndipo uanze

Mtu mwenye sonona, ugonjwa ambao kwa Kiingereza huitwa depression, mara nyingi haendi zahanati kusema ana huzuni. Anasema kichwa kinamgonga, mgongo unamuuma, usiku macho makavu, chakula hakina ladha. Anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anarudi nyumbani na panadol. Baada ya wiki mbili yuko palepale. Nyumbani wanasema "ana mawazo", na wakishachoka wanasema ni mvivu.

Kwa hiyo swali la kuanza nalo si "una huzuni?" Ni hili: kwa wiki mbili zilizopita, karibu kila siku, yale uliyokuwa ukiyapenda bado yana maana kwako? Kupotewa na hamu ni dalili kuu sawasawa na huzuni yenyewe. Mzee ambaye jioni hakosi barazani kwenye bao anaacha kwenda, na akiulizwa anajibu "niko sawa tu". Hapo angalia na mengine: usingizi, uchovu usioisha kwa kupumzika, akili kutotulia, kula kidogo mno au kupita kiasi, kujilaumu kwa mambo ya zamani, na kazi za kila siku kuanza kulala. Msongo wa mawazo wa kawaida hulegea kilichousababisha kikipungua. Sonona hubaki hata deni likilipwa.

Wahudumu wengi hutumia dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 mtu anapaswa kutazamwa kwa makini. Dodoso peke yake halitoshi. Upungufu wa damu, tezi ya thairoidi (iliyo shingoni) iliyolegea na pombe ya kila siku vinaweza kuleta sura ileile, kwa hiyo vipimo havikwepeki. Na kama mtu huyo amewahi kupitia siku kadhaa halali wala hachoki, anaongea mfululizo na kutapanya fedha, daktari aambiwe kabla hajaandika dawa yoyote. Huo huenda ni ugonjwa mwingine, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrudisha kwenye hali hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wengi hulikosea. Ukiwa na sonona unajiambia: nikipata nguvu nitaamka, nikipata hamu nitaenda. Unabaki kitandani. Ukibaki kitandani hakuna kinachokupa hata chembe ya raha au ya kujiona umefanya kitu, kwa hiyo kesho yake hamu inapungua zaidi. Ugonjwa unajilisha wenyewe. Tiba yake imegeuza mpangilio: kitendo kinatangulia, hamu inafuata baadaye, na hufuata polepole.

Chukua daftari. Siku saba za kwanza usibadilishe chochote. Kila baada ya saa mbili andika ulichokuwa unafanya, kisha pembeni weka namba ya hali ya moyo, 0 ikiwa mbaya kabisa, 10 ikiwa nzuri. Wengi hutazamia kuona 1 ukurasa mzima. Ukurasa wenyewe huwa na 1, 1, 2, halafu 4 pale saa kumi ulipokaa nje na mtoto wa jirani, halafu 1 tena baada ya kulala mchana. Hiyo 4 ni ya thamani. Sonona hukuambia siku nzima ilikuwa giza, na daftari linaonyesha mahali palipokuwa na upenyo.

Wiki ya pili, panga mambo mawili tu kwa siku: moja la wajibu, moja ambalo zamani lilikuwa linakupa raha. Yape saa. "Kesho nitafua" haifanyiki. "Saa tatu, nikishamaliza chai" ina nafasi ya kufanyika. Kisha ivunje kazi mpaka iwe ndogo kiasi cha kuona aibu kuiita kazi.

Tuseme ni nguo zilizolundikana wiki tatu. Siku ya kwanza, toa nguo tatu kwenye lundo, weka kwenye beseni, basi. Hiyo ndiyo kazi ya leo, imekwisha, weka alama kwenye daftari. Siku ya pili, zimwagie maji na sabuni uziloweke, kisha zifue hizohizo tatu na kuzianika. Lundo liache. Ukijisikia kuongeza ya nne, usiongeze.

Hilo la mwisho huwashangaza watu, lakini ndipo mpango unapovunjikia. Mtu akipata siku moja yenye ahueni anafua lundo zima, anadeki nyumba, anajibu ujumbe wote. Kesho yake hawezi kuinuka, na anahitimisha kwamba njia hii haifai. Kosa jingine ni kutafuta raha mapema. Wiki mbili tatu za mwanzo utatembea mpaka dukani na kurudi bila kuhisi lolote, na hilo ni la kawaida. Kipimo cha wakati huo ni kimoja: umefanya au hukufanya? Usipofanya, usijihukumu. Kazi ilikuwa kubwa mno, ikate nusu.

Kuhusu usingizi, saa ya kuamka ina uzito kuliko saa ya kulala. Amka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na toka nje kwenye mwanga asubuhi.

Ndugu wanaweza kusaidia sana, ila si kwa "jikaze", wala si kwa kukagua daftari kama mwalimu. Ahadi yenye saa inafaa zaidi: "Mdogo wangu, saa kumi na moja napita, tutatembea mpaka kwa shangazi halafu turudi." Kisha pita kweli. Dua na maombi yana nafasi yake, na kwa wengi ndiyo yanayowashika. Hayagombani na tiba. Asiambiwe tu kwamba anaumwa kwa kuwa imani yake haba, kwani kujilaumu tayari anako tele.

Mazungumzo ya tiba hayahitaji daktari bingwa kila mara. Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, vikundi vya wanakijiji vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vikiongozwa na watu wa hukohuko waliopewa mafunzo mafupi. Walishughulikia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalitoka mwaka 2003: sonona ilipungua sana kuliko kwa wale ambao hawakuwa kwenye vikundi.

Sonona ikiwa nzito, dawa zinahitajika. Utakazokutana nazo zaidi ni amitriptilini, ambayo humezwa usiku kwa kuwa inaleta usingizi, na fluoksetini, ambayo kwa kawaida humezwa asubuhi. Maudhi huja kwanza: kinywa kukauka na choo kigumu kwa amitriptilini, kichefuchefu na kukosa utulivu kwa fluoksetini. Nafuu huchukua wiki mbili hadi sita. Wengi huacha katika pengo hilo, wameona maudhi bila faida. Wengine huacha mwezi wa tatu wa dawa kwa kuwa wanajiona wamepona, na ugonjwa hurudi. Dawa huendelea miezi 9 hadi 12 baada ya nafuu, kisha hupunguzwa kidogokidogo na aliyeziandika.

Ukihofia kwamba mtu anawaza kufa, muulize wazi: "Umefikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, humpa nafasi ya kulitua. Akijibu ndiyo, muulize kama ameshapanga namna na lini. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kenya unaweza pia kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu. Dawa za shambani zitoke nyumbani kabisa au zifungiwe kwa kufuli, ufunguo akae nao mwingine. Vidonge vya amitriptilini vikizidi ni hatari kwa moyo, kwa hiyo omba vitolewe vya wiki moja moja, na ndugu ndiye avishike na kumpa cha usiku huo tu.