Kompyuta ya kurushia ndege: anza na prosesa

Ukijenga kompyuta ya Microsoft Flight Simulator, mchezo wa kuiga urushaji wa ndege, usimalize hela yote kwenye kadi ya grafiki. Ukishuka kutua Heathrow picha itakwamakwama huku kadi yenyewe ikifanya kazi nusu tu, maana mchezo huu huurundikia uzi mmoja wa prosesa (thread, yaani mlolongo mmoja wa kazi) mzigo mkubwa. Ndani ya mchezo washa hali ya msanidi (Developer Mode), fungua kipimo cha fremu. Kikiandika "Limited by MainThread", yaani uzi huo ndio unaochelewesha, kadi mpya haitakuokoa.

Kwangu chaguo ni prosesa ya AMD, Ryzen 7 7800X3D. Ina MB 96 za kashe ya L3 (kumbukumbu ya kasi iliyo ndani ya prosesa), na viigizaji vya ndege vinaipenda mno kashe hiyo.

RAM: GB 32, DDR5-6000 (6000 ndiyo kasi yake), vijiti viwili vya GB 16. Vinne kwenye AM5, soketi ya prosesa hii, mara nyingi hugoma kufikia kasi hiyo. Halafu ingia BIOS (mipangilio ya ubao mama) uwashe EXPO, inayoifikisha RAM kwenye kasi yake, la sivyo umelipia 6000 unatumia 4800.

Kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya GB 12 inatosha kwa skrini ya 1440p (pikseli 2560 kwa 1440). GB 8 hujaa upesi, na zikijaa fremu huporomoka ghafla, hazipungui polepole. SSD ya NVMe (diski ya kasi), TB 1. Pawa saplai W 750. Toleo la 2024 huvuta mandhari kutoka mtandaoni, kwa hiyo bando la simu sahau.

Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Prosesa hii ina grafiki yake ndogo ndani, hivyo picha itatokea tu, na utaishia kuilaumu kadi nzima isiyo na kosa.