Madume ya dende waliopigana katika banda langu la Bukavu

Wengi wetu tunaofuga simbilisi hapa Bukavu, ambao mitaani tunawaita dende, huwaweka wote pamoja jikoni au katika banda moja la mbao, majike kwa madume, wakubwa kwa wadogo. Wangu niliwanunua kwa mfugaji mmoja wa Kabare, wakaishi vizuri mpaka madume wadogo walipokomaa, ndipo watoto wangu walipoanza kuniletea habari za masikio yaliyochanika na migongo yenye vidonda.

Si kila fujo ya dende ni vita, kwa hiyo nilianza kwa kukaa karibu na banda na kuwatazama. Dume anayemzunguka mwenzake polepole, akitikisa nyonga na kunguruma chinichini, anajigamba tu, na mara nyingi mambo huishia hapo. Hatari huanza anapogonganisha meno kwa sauti kavu na ya haraka, kama maharagwe yanayotikiswa ndani ya kopo, huku nywele za shingo zikisimama na mdomo ukipanuka hadi meno ya mbele yaonekane. Madume wawili wakifika hapo wakiwa wametazamana, hurukiana, na anayeshindwa huumwa makalio akikimbia. Hata mtoto wangu mdogo aliijua sauti ile, akawa ananiita: "Papa, yule mweusi anapiga tena meno!" Nilimkataza kabisa kutia mkono kati yao, kwa kuwa dende aliyepandwa na hasira humuuma hata anayemlisha. Tulikuwa tukipitisha ubao katikati yao, au kuwafunika kwa gunia hadi watulie.

Nilichokuja kukitambua ni kwamba vita vibaya zaidi vilizuka siku ambayo jike alizaa. Jike wa dende hubeba mimba kwa siku 68 hivi, muda mrefu kwa mnyama mdogo namna ile, na saa chache tu baada ya kuzaa huwa tayari kupandwa tena. Madume wote waliomo bandani huijua harufu hiyo, nao hupigana palepale, juu ya watoto waliozaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofunguka. Hapo nikaona kwamba kupanua banda peke yake kusingesaidia kitu. Dawa ilikuwa kupunguza madume.

Nikabakiza dume mmoja kwa majike sita. Baadhi ya majirani walinishauri niwaache wapigane ili mwenye nguvu ajulikane, lakini mimi sioni kwamba mkali ndiye mzazi bora. Nilimchagua mwenye mwili mkubwa ambaye hakuwa akiwafukuza majike penye majani. Yule mweusi nilimuuza. Wawili waliobaki, ndugu waliokua pamoja, niliwajengea kizimba upande wa pili wa parsele, yaani kiwanja chetu, nyuma ya jiko, kwa sababu wavu peke yake hauzuii harufu, na madume wasiosikia harufu ya majike huweza kuishi pamoja bila kuumizana. Katika kila kizimba niliweka visanduku vyenye milango miwili, ili anayefukuzwa asikwame kwenye kona, na majani nikaanza kuyatandaza sehemu kadhaa badala ya kuyarundika mahali pamoja ambapo mbabe mmoja angeyalinda.

Majeruhi niliwaosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kila mmoja nikamweka peke yake juu ya kitambaa safi. Mmoja alivimba usaha, nikampeleka kwa daktari wa mifugo, na hapo nasisitiza: mtu asichukue penisilini au amoksilini iliyobaki nyumbani akamnywesha dende, maana dawa hizo huua vijidudu vyema vya utumboni na zinaweza kumuua mnyama mwenyewe. Tena dende, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, na akiikosa vidonda vyake huchelewa kupona. Wangu waliongezewa majani mabichi na vipande vya mapera.

Siku hizi kila mtoto wa kiume huondolewa kwa mama yake akiwa na wiki tatu, kabla hajaweza kumpanda jike yeyote. Kumtambua si kazi ngumu: ukibonyeza taratibu juu ya sehemu zake za siri, uume hujitokeza, ilhali kwa jike unaona umbo la herufi Y. Kinachobaki ni ugomvi wa majike wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa Juni, majani yanapopungua milimani na kila mmoja kumsukuma mwenzake penye chakula. Wakati huo huwaongezea matembele na maganda ya mahindi mabichi, nikiyasambaza zaidi. Na kwa kuwa majike wakisukumana ni nadra kutoana damu, huwaacha wamalizane wenyewe.