Kisado cha Bibi

Kisado cha bibi yangu, kopo la bati la kupimia maharage, kilikuwa na kovu kitakoni. Nililitia mimi, kwa jiwe, mwaka 1983, nikiwa na miaka 15 na mwanafunzi wa darasa la kipaimara.

Tulikaa Vunjo, Kilimanjaro, upande wa mlimani, ndani ya migomba na kahawa. Maharage Bibi aliyalima chini tambarare, na kila siku ya gulio tuliyapeleka Himo kuuza. Mwaka ule magoti yalimsumbua, akanikabidhi biashara. Debe moja lilitoa visado vitano. Hela ya visado vitano ndiyo niliyomrudishia jioni, haikupungua hata siku moja.

Wanaokumbuka miaka ile wanajua dhiki yake. Sukari foleni, sabuni foleni. Mwezi wa tatu Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, nasi jioni tukikusanyika kwenye redio ya jirani kusikiliza nani kakamatwa, kaficha magunia mangapi. Nilishangilia kwa moyo wote. Niliwaona wale kuwa watu wa namna nyingine kabisa, si kama sisi tuliokwenda kanisani.

Huku kitako cha kisado nilishakiingiza ndani. Nilikuwa nimemwona mfanyabiashara mmoja ana kipimo cha namna hiyo, nikakipindua changu nyuma ya banda la mbuzi, nikagonga polepole mpaka bati likabonyea. Kwa juu kinajaa vilevile. Ukisawazisha kwa kiganja, mnunuzi haoni kitu. Lakini debe sasa lilitoa visado vitano na nusu. Madebe mawili, kisado kimoja changu.

Hela hiyo sikununulia andazi hata moja. Niliifunga kwenye kitambaa, nikaiweka kwa ajili ya kanisa. Nasema hivi si kwa kujitetea, maana ndilo jambo linaloniuma zaidi kuliko wizi wenyewe. Nilitaka sana kuwa mwema. Nilitaka mwinjilisti wetu anitolee mfano darasani, na niliamini kwamba wema ni kitu ambacho mtu anakikusanya pole pole mpaka kinatosha kupelekwa mbele ya madhabahu.

Jumapili ya mavuno, baada ya ibada, tulitoka nje kwenye mnada kama ilivyo desturi. Mayai, jogoo, miwa, mikungu ya ndizi. Nikanyoosha mkono kwenye mkungu mmoja mkubwa. Bei ikapanda, nikapanda nayo, nikaupata kwa noti tatu za shilingi 20. Halafu nikasema kwa sauti, "Naurudisha, uuzwe tena." Vigelegele! Mzee mmoja wa kanisa aliniwekea mkono kichwani, akasema Mungu atuongezee vijana wema kama huyu. Mwili ulinisisimka.

Bibi hakupiga kigelegele.

Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni amekipakata kile kisado, vidole vyake vinapapasa kitako.

"Nisomee ya saba," alisema.

Alikuwa na maana ya amri ya saba katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ambayo sisi wa kipaimara tuliikariri mpaka usingizini. Nikasoma. Usiibe. Maana yake nini? Kwamba tumche na kumpenda Mungu, tusimnyang'anye jirani mali yake, wala tusiipate kwa bidhaa mbovu au kwa hila, bali tumsaidie aitunze na iongezeke. Nilipofika kwenye hila sauti ilikatika.

"Bibi, hela yote nimempa Mungu."

"Ule mkungu, baba, uliununua kwa maharage ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilitamani anichape, hakunichapa. Alichukua jiwe, akagonga bati kutokea ndani mpaka kitako kikarudi mahali pake, ila mikunjo ilibaki. Kisha akaniambia nipande darini, juu ya moshi, niteremshe debe lililokuwa huko.

"Hayo ni ya mbegu, Bibi."

"Najua."

Nikateremsha. Nilikuwa bado sijatubu. Nilikuwa na aibu tu, na aibu si toba. Nilichowaza ni nani atakayeniona. Ila mbegu za Bibi zilikuwa tayari zimeshuka darini kwa ajili yangu.

Hapo ndipo ninaporudi kila nisikiapo wema ukihubiriwa. Yule tajiri aliyempigia Yesu magoti alimwita Mwalimu mwema, akajibiwa, "Kwa nini kuniita mwema? Hakuna aliye mwema ila mmoja, ndiye Mungu." Mstari huo niliujua kwa kichwa siku nilipofurahia kuitwa mwema na mzee wa kanisa. Na Zakayo je? Tunapenda kusimulia mara nne alizoahidi kurudisha. Lakini Yesu alikuwa ameshamwambia, "leo imenipasa kushinda nyumbani mwako," kabla hata senti moja haijarudi kwa mwenyewe. Kwangu mimi utaratibu huo ndio Injili yenyewe. Ukiugeuza, ukaanza na marejesho ndipo mgeni aingie, unabaki na mkungu wangu wa ndizi.

Siku ya gulio Bibi alishuka pamoja nami, na magoti yake yale, akiegemea bega langu. Nilimwendea kila niliyemkumbuka, nikasema nilichofanya, nikapima nilichompunja. Wengine walicheka, wengine walinihurumia. Mwanamume mmoja alipaza sauti, "Mwizi!" watu wakageuka, naye Bibi akasimama karibu yangu bila kutamka neno. Wapo wanunuzi wa kupita, waliopanda gari kuelekea Same, ambao sikuwaona tena. Deni lao sijalilipa mpaka leo.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja mjane aliyepika makande pembeni mwa soko. Alinunua kwangu kila gulio, hivyo yeye ndiye niliyempunja kuliko wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamweleza. Alisikiliza huku anakoroga chungu.

"Nilijua," akasema. "Chungu changu kilikuwa hakijai."

Bibi akashtuka. "Mbona hukuniambia, mwenzangu?"

"Nilisema moyoni, atakua."

Akatandika kanga yake chini. Mikono ilinitetemeka, nikakijaza kisado mpaka kikawa na kichuguu, mengine yakamwagika mavumbini. Akaweka kiganja juu ya kisado, akasawazisha, akarudisha kilichozidi kwenye debe la Bibi. "Cha haki tu, mwanangu." Kisha akachukua sahani ya bati. "Umetembea na njaa. Kaa ule."

Sikutaka kukaa. Niliona ni afadhali mavumbi yale yanimeze kuliko kula chakula chake. Bibi akaniambia, "Kaa." Nikakaa. Yule mama akapakua upawa wa kwanza, akaitikisa sahani yakashuka, akaongeza wa pili, akatikisa tena, akaongeza, mpaka makande yakawa yanavuka ukingo na kunidondokea magotini. Kwenye darasa la kipaimara tulikuwa tumekariri Luka 6, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo mara nyingi.

Nikala. Yalikuwa ya moto, na nilikuwa nalia, sikuyasikia ladha. Bibi alikuwa ameinama chini anaokota maharage niliyoyamwaga, moja moja, anapuliza vumbi, anayarudisha kwenye kanga ya yule mama.