Bei ya rafuni na bei ya kaunta

Jamani, minisupamaketi za mtaani zinatusaidia sana, ila tuwe makini pale kaunta. Tatizo kubwa ni bei mbili: rafuni sabuni imeandikwa 3,500, mashine inasoma 3,800. Mara nyingi si wizi. Bei imebadilishwa kwenye kompyuta, lebo ya rafuni ikasahaulika. Ipige picha kwa simu, kisha angalia skrini kila bidhaa inaposkaniwa. Ukiona tofauti, sema kabla hujalipa, maana risiti ikishatoka, kufuta bidhaa moja mpaka aitwe msimamizi, na foleni nyuma yako inanung'unika.

Maziwa na mtindi: yanayokaribia kuisha muda hupangwa mbele, mapya nyuma. Ingiza mkono hadi mwisho wa friji. Pakiti iliyovimba iache hata kama tarehe bado. Umeme ukikatika usiku kucha, tarehe haikulindi tena.

Ukilipa kwa Lipa Namba, yaani namba ya duka ya kulipia kwa simu, soma jina la duka linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uhesabu vitu hapohapo. Ukifika nyumbani ukakuta mkate una ukungu, bila risiti utabishana bure.